Barua ya Makka kwenye meza ya wasomi

Mwaka 1908 mji wa Lindi uliingiwa na hofu mbili kwa mpigo. Watu wa mji waliogopa Kiyama. Maofisa wa Kijerumani waliogopa watu wa mji.

Kilicholeta yote hayo ni karatasi. Ilikuwa barua ya Kiarabu, ikisemekana imetoka Makka, nayo ilipita mkono kwa mkono ikinakiliwa njiani. Ndani yake mlikuwa na habari ya ndoto: mtunza kaburi la Mtume Muhammad (S.A.W.) amemwona Mtume usingizini, naye Mtume amehuzunishwa na umma wake. Sala zimeachwa, maasi yamezidi, mwisho wa dunia umekaribia, na mwenye kutubu na atubu sasa. Atakayeipata barua aisambaze. Atakayeidharau, shauri yake. Watu wakamiminika misikitini.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka mmoja tu nyuma, na kusini ndiko vilikoacha makaburi mengi, ya waliopigwa risasi na, zaidi yao, ya waliokufa njaa baada ya majeshi ya serikali kuchoma mashamba na maghala. Maji Maji nayo ilianza kwa neno la imani, pale Ngarambe, kwa Kinjikitile Ngwale na dawa yake ya maji. Kwa hiyo ofisa aliyeona misikiti imefurika hakuona toba. Aliona uasi wa pili unapikwa. Nakala zikasakwa, na tuhuma zikavuka bahari hadi Unguja.

Wengi wanaosoma ukurasa huu wameshaipokea barua hiyo hiyo. Siku hizi huja kwa simu, usiku, kutoka kwa shangazi au kwa jirani mwenye nia njema: Sheikh Ahmad, mtumishi wa msikiti wa Mtume Madina, ameota ndoto, tuma kwa watu kadhaa utapata kheri ndani ya siku chache, fulani aliipuuza akafiwa. Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyekuwa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia, aliandika risala nzima kuwatahadharisha Waislamu kwamba ni uzushi, na kwamba anayemsingizia Mtume maneno anajitafutia adhabu. Risala yenyewe imechapishwa mara nyingi. Barua haikukoma.

Sasa tazama watu watatu walioshika karatasi moja. Sheikh anauliza: je, haya ni kweli, na dini inayasemaje? Ofisa anauliza: nani ameileta, na anataka nini? Wa tatu ana maswali mengine kabisa. Maandishi haya yametoka wapi, yana umri gani, yalipita wapi kabla ya kufika hapa, nani aliyaongeza na nani aliyapunguza, na kwa nini watu wa Lindi, mwaka ule na si mwingine, waliyapokea kwa machozi? Huyo wa tatu ndiye mtafiti wa dini. Kazi yake haimpi ruhusa ya kuamua kama ndoto ilikuwa ya kweli. Anachotafuta ni kuwaelewa walioiamini, na akishaandika huyapeleka aliyoyaona mahali ambapo wenzake watayapekua: kwenye jarida la kitaaluma.

Jarida la namna hiyo haliko pamoja na magazeti ya kibandani. Hutoka mara mbili au nne kwa mwaka, mara nyingi halina picha hata moja, na linasomwa na watu wachache. Utaratibu wake ulianza mwaka 1665, pale Journal des sçavans lilipotoka Paris mwezi Januari na Philosophical Transactions likafuata London mwezi Machi. Kabla ya hapo wataalamu waliandikiana barua. Jarida liliigeuza barua ya mtu mmoja kwenda kwa rafiki yake kuwa barua iliyo wazi kwa kila mwenye kutaka kubisha. Dini zenyewe zilichelewa kuingia humo. Mwaka 1870 Friedrich Max Müller, Mjerumani aliyefundisha Oxford, alitoa mihadhara London akidai kuwa dini zote za wanadamu zinaweza kulinganishwa kwa elimu, kama lugha zinavyolinganishwa. Mwaka 1880 Ufaransa ikapata Revue de l'histoire des religions, na kuanzia hapo majarida ya fani hiyo yakawa yanazaliwa moja baada ya jingine.

Kuna faida gani ya ulinganishaji huo? Lindi inatoa jibu. Mwaka 1884, miaka 24 kabla ya hofu ile, msomi wa Kiholanzi Christiaan Snouck Hurgronje alikuwa ameshaichapisha na kuifafanua barua ya aina hiyo hiyo katika jarida la kwao, De Indische Gids, baada ya kusambaa miongoni mwa Waislamu wa visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Wasia wa Mtume, ndoto ya mtunza kaburi, vitisho kwa mwenye kupuuza: yote yalikuwamo. Mtu aliyeisoma makala ile asingehangaika kumtafuta mchochezi mmoja kule Unguja. Angejua kwamba karatasi hii ni msafiri wa zamani, inayoibuka kila mahali ambapo Waislamu wamebanwa na mambo mazito. Ofisa alihitaji maktaba kuliko askari.

Na maktaba ilikuwa inajengwa, ila kwa nia iliyochanganyika. Mwaka huo huo wa 1908 Hamburg ilifungua taasisi ya ukoloni ya kuwafundisha maofisa waliokuwa wakienda Afrika. Carl Heinrich Becker, mtaalamu wa Uislamu, akapewa uprofesa hapo, na mwaka 1910 akaanzisha jarida liitwalo Der Islam, ambalo linatoka mpaka leo. Katika toleo la 1911 Becker alichapisha makala ndefu kuhusu Uislamu wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ndani yake akaizungumzia Barua ya Makka. Majarida ya wenzake nayo yalikuwa yakimea kama uyoga: Revue du monde musulman mjini Paris mwaka 1906, The Moslem World la mmisionari Samuel Zwemer mwaka 1911, na Die Welt des Islams mjini Berlin mwaka 1913. Mmoja alitaka kutawala Waislamu, mwingine alitaka kuwabatiza, mwingine alitaka kuwajua. Mara nyingi watatu hao walikuwa mtu mmoja.

Makala ya Becker ni hazina, na hilo lisemwe bila kigugumizi. Bila yeye, sehemu kubwa ya habari za misikiti, walimu na vitabu vilivyosomwa pwani miaka ile ingepotea. Lakini ukiisoma unasikia swali la serikali chini ya kila ukurasa: je, Uislamu ni hatari kwetu? Aliyeuliza ndiye aliyelipia kazi, na hilo liliamua kipi kiandikwe na kipi kiachwe. Mzee wa Lindi aliyelia msikitini hakuulizwa kwa nini analia.

Kinachouma zaidi ni kwamba mtu wa kumuuliza alikuwapo, tena Hamburg kwenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1900, kisha akafanya kazi Hamburg miaka ile ile Becker alipokuwa akihariri jarida lake. Mtoro alikuwa Mwislamu aliyesoma chuoni, na ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kinachoeleza kwa Kiswahili chenyewe jinsi mtoto anavyopelekwa kwa mwalimu wa Kurani, jinsi pepo wanavyopungwa, jinsi maiti anavyooshwa na kuzikwa. Kilipotoka mwaka 1903, jina lililokuwa juu ya jalada ni la Carl Velten. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1981, ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen kule Marekani, ndipo jina la Mtoro likapanda kwenye kichwa cha kitabu. Mwenyewe alikuwa amefariki Berlin tangu 1927.

Hesabu hiyo ya nani anauliza na nani anajibu iliwekwa mezani kwa ukali mjini Kampala. Okot p'Bitek, Mwacholi aliyesomea anthropolojia Oxford, alichapisha mwaka 1970 kitabu kifupi chenye moto, African Religions in Western Scholarship. Humo ana kisa kimoja ambacho hakisahauliki. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwakalisha wazee wa Kiacholi wakawauliza: nani aliyewaumba? Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kutoka pasipo kitu, kwa hiyo swali likatafsiriwa kwa neno la kufinyanga, kama mtu afinyangavyo chungu. Wazee wakashangaa. Mtu huzaliwa na mama yake, nani amfinyange? Wakajibu kwamba hawajui. Mapadri wakashikilia, hapana budi yuko mfinyanzi. Hatimaye mzee mmoja akakumbuka kuwa wako watu waliozaliwa wazima, kisha ugonjwa wa uti wa mgongo ukawapinda wakawa na kibyongo. Hao kweli wamefinyangwa, na anayewafinyanga ni Rubanga, pepo mbaya. Mapadri wakafurahi na kuandika jina. Tangu siku hiyo, anaeleza Okot, jina la pepo wa kibyongo likawa jina la Mungu Muumba katika mafundisho ya kanisa.

Swali baya likijibiwa kwa adabu huzaa elimu mbaya, na elimu hiyo ikishachapwa hunukuliwa miaka 100. Okot hakuwasamehe hata Waafrika wenzake. Aliwataja kwa majina, akiwamo John Mbiti, akisema wanawavisha miungu wa Afrika majoho ya Kiyunani ili wakubalike kwa Wazungu.

Mbiti alikuwa mji huo huo, akifundisha Makerere. Walizaliwa mwaka mmoja, 1931, huyu Kitui na yule Gulu. Mwaka 1969 Mbiti alikuwa ametoa African Religions and Philosophy, kitabu kilichosomwa vyuoni duniani kote, na ndani yake maneno mawili ya Kiswahili yakapewa kazi nzito: sasa na zamani. Hoja yake ilikuwa kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati unatembea kurudi nyuma. Mambo huondoka kwenye sasa yakaenda kuzama kwenye zamani, ambako ndiko wanakokaa wahenga, na wakati ujao wa mbali karibu haupo kabisa kwa sababu haujatokea. Ushahidi wake mkubwa aliutoa kwenye nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu.

Majarida yakawaka. Kwame Gyekye wa Ghana alijibu kwamba Waakani wana maneno ya wakati ujao wa mbali na methali za kuandalia kesho, na kwamba lugha mbili za Kenya haziwezi kubeba bara zima. Wengine wakauliza kama sarufi peke yake inatosha kuthibitisha mtu anawaza nini. Anayezungumza Kiswahili anaweza kuongeza swali lake mwenyewe: watu wanaosema "Mungu akipenda" kila wanapopanga safari, wanaoweka akiba ya mahari kwa mtoto ambaye hajaota meno, je, hao hawana kesho? Mbiti aliendelea kuitetea hoja yake hadi uzeeni, akafariki mwaka 2019. Mjadala alioufungua bado unafundishwa, na kwa mwanataaluma hiyo ni heshima kubwa kuliko kukubaliwa na kila mtu.

Makerere ya miaka ya 1960 ilikuwa na jarida lake la dini, nalo liliitwa kwa Kiswahili: Dini na Mila, ingawa makala zake zilikuwa za Kiingereza. Mwaka 1967 Andrew Walls, Mwingereza aliyekuwa amefundisha Sierra Leone na Nigeria, alianzisha Journal of Religion in Africa, linalochapishwa na Brill mjini Leiden, Uholanzi. Walls alikuwa amekwenda Afrika Magharibi kufundisha historia ya kanisa la kale. Alipokuwa huko, alisimulia baadaye, ikampambazukia kwamba kanisa changa la aina ile aliyokuwa akiisoma vitabuni lilikuwa hai mbele ya macho yake, na wanafunzi wake ndio walikuwa ndani yake.

Dar es Salaam haikulala. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu walitumwa vijijini kusini kukusanya simulizi za wazee walioiona Maji Maji kwa macho, na mwezi Juni 1970 ukafanyika mkutano mjini humo uliozaa kitabu The Historical Study of African Religion, kilichohaririwa na Terence Ranger na Isaria Kimambo na kutoka mwaka 1972. Ndani yake Gilbert Gwassa alimweleza Kinjikitile kwa maneno ya watu wa Ngarambe na jirani zao. Hapo dawa ya maji haikuwa tena upuuzi wa wenyeji, kama maofisa walivyoandika. Ilikuwa imani yenye mantiki yake, iliyounganisha watu ambao hawakuwahi kupigana pamoja.

Katika wimbi hilo hilo Barua ya Makka ilirudi nyumbani. Mwaka 1968 toleo la 68 la Tanzania Notes and Records, jarida lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1936 wakati nchi ingali Tanganyika, lilichapisha makala ya Becker kwa Kiingereza, kwa tafsiri ya mwanahistoria B.G. Martin. Miaka 57 ilikuwa imepita. Mtu wa pwani asiyejua Kijerumani alipata kusoma kwa mara ya kwanza jinsi babu zake walivyochunguzwa.

Inafaa kusema jinsi makala inavyopita hadi ikafika kwenye kurasa hizo. Mwandishi halipwi. Hutuma kazi kwa mhariri, naye mhariri huwapelekea wataalamu wawili au watatu ambao, katika majarida mengi, hawaambiwi mwandishi ni nani, wala mwandishi haambiwi wao ni nani. Wanasoma kwa jicho la fundi anayekagua nyumba ya fundi mwenzake: msingi uko wapi, ushahidi huu umetoka kwa nani, tanbihi namba 14 inasema kweli kile unachodai inasema? Majibu huweza kuchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Mara nyingi ni "rudia". Wanaofundisha vyuoni wanayajua majibu hayo na jinsi yanavyokatisha tamaa.

Utaratibu huo hauzuii kila kosa. Mwezi Septemba 2012, mjini Roma, Karen King wa Chuo Kikuu cha Harvard alitangaza kipande cha mafunjo kisichozidi ukubwa wa kadi ya biashara, chenye maandishi ya Kikopti ambamo Yesu anamtaja mke wake. Dunia nzima ikazungumza. Harvard Theological Review, jarida lililoanza mwaka 1908, lilisita, likangoja vipimo vya maabara, na makala haikutoka hadi Aprili 2014. Vipimo vilionyesha kuwa mafunjo yenyewe ni ya kale. Lakini toleo hilo hilo lilibeba pia makala ya Leo Depuydt wa Chuo Kikuu cha Brown, aliyesema waziwazi kuwa ni ghushi.

Wiki chache baadaye Christian Askeland akaangalia kipande kingine kilichotoka kwa mmiliki yule yule, cha Injili ya Yohana, chenye mwandiko uleule. Akagundua kuwa mistari yake inakatika palepale inapokatika mistari ya kitabu kimoja kilichochapishwa mwaka 1924, mstari mmoja ukirukwa, mmoja ukinakiliwa. Mwandishi wa karne za kale angejuaje kurasa za kitabu cha 1924? Mwaka 2016 mwandishi wa habari Ariel Sabar alimfuatilia mmiliki na hadithi yake ikasambaratika. King mwenyewe akakiri kwamba ushahidi sasa unaelekea kwenye ughushi. Makala yake haikufutwa. Ipo, pamoja na majibu yote yaliyoiangusha, na mwanafunzi anaweza kuzisoma kwa mfuatano akaona kosa lilivyoingia na lilivyotolewa. Hapo ndipo jarida linapoizidi barua ya kusambaza: barua inamtisha anayeuliza, na jarida humpa ukurasa.

Kuupata ukurasa huo ndiyo shida. Makala nyingi za Journal of Religion in Africa au za Der Islam zimefungwa nyuma ya malipo, na makala moja huweza kuuzwa kwa dola 30 au zaidi. Kwa mwalimu wa sekondari wa Lindi hiyo ni mboga ya nyumbani ya siku nyingi. Vyuo vikuu hulipa kwa pamoja, ila aliye nje ya chuo hubaki mlangoni. Milango mingine iko wazi: African Journals Online, yenye makao yake Afrika Kusini, imekuwa ikiweka majarida ya bara hili mtandaoni tangu 1998, na Swahili Forum, linalotolewa kutoka Ujerumani, husomwa bure na huchapisha pia makala za Kiswahili. Wapo na matapeli wanaojiita majarida, wanaochapisha chochote bila kukisoma mradi mwandishi atoe ada, na vijana wanaohitaji kupandishwa cheo wanaingia kwenye mtego huo wakiwa macho.

Lugha ni ukuta wa pili, na huu umejengwa bila sababu. Kiswahili kilikuwa kikichapa mijadala ya dini kabla ya nchi hizi kupata uhuru. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akijadili bidaa, elimu na ukoloni kwa lugha ya watu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliandika kwa Kiswahili, mwaka 1972, maisha ya wanazuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki, nani alisoma kwa nani na alifia wapi. Watafiti wa Ulaya na Marekani wanakinukuu kitabu hicho mpaka leo, wengi wao kupitia tafsiri ya Randall Pouwels ya mwaka 1989. Taasisi za Kiswahili za vyuo vya Afrika Mashariki zina majarida yanayojadili isimu na fasihi kwa Kiswahili sanifu bila kukwama. Dini, ambayo ndiyo watu wanaizungumza sokoni, msibani na kwenye daladala, ingestahili jarida lake, lenye wapitiaji wakali, ambamo shehe, padri, mganga na profesa wote wangeweza kusoma kilichoandikwa juu yao na kujibu.

Mwanafunzi anayetaka kuifuatilia Barua ya Makka leo anao mwanzo mzuri. Kuna makala ya 1884 kwa Kiholanzi, ya 1911 kwa Kijerumani, na tafsiri ya 1968 kwa Kiingereza. Nakala ya Kiswahili huenda tayari imo kwenye simu yake, imetumwa jana usiku, na aliyemtumia bado yupo wa kuulizwa kwa nini.